Istilahi "Daraja" katika Mitandao ya Mashine Pepe: Asili Yake na Matumizi Yake

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza historia ya istilahi moja tu, nayo ni daraja, kama inavyotumiwa na mafundi wa kompyuta wanapounganisha mashine pepe na mtandao katika kompyuta inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Huenda msomaji akauliza kwa nini kurasa za istilahi zishughulike na jambo dogo kiasi hicho. Jibu letu ni kwamba tumekwisha kuona gharama ya kulipuuza.

Miaka michache iliyopita tulipewa kazi ya kufasiri mwongozo wa mafundi wa ofisi moja ya umma. Kazi hiyo iligawanywa baina ya wafasiri wawili. Mmoja wetu alilifasiri neno la Kiingereza "bridge" kuwa daraja. Mwenzake, katika sura iliyofuata, alilifasiri kuwa lango, kwa hoja kwamba mashine zote zilikuwa zikipitia hapo kwenda nje. Kumbe neno lango lilikuwa limekwisha kutumika katika mwongozo uleule kwa maana nyingine kabisa, yaani kifaa kinachotoa habari za ofisi nzima kwenda kwenye mitandao ya mbali. Fundi aliyekuwa akifuata maagizo yetu aliipa daraja anwani ya lango. Vifaa viwili vikadai anwani moja. Kompyuta za ofisi zikaanza kupeleka habari zake mahali pasipo penyewe, na kompyuta aliyokuwa akiishughulikia kwa mbali ikamponyoka. Ilimbidi asafiri hadi ilipo ili airekebishe kwa mkono, na kazi za ofisi zikasimama kwa siku mbili. Kosa halikuwa la fundi. Lilikuwa letu.

Tangu siku hiyo tumeona kwamba mfasiri hawezi kuchagua istilahi ya jambo hili kwa kutazama kamusi pekee. Hapana budi ajue kifaa chenyewe kilitoka wapi, kilifanya kazi gani, na jina lake lilibadilikaje. Ndiyo sababu tumeamua kuanza na historia kabla ya kutoa mapendekezo.

Neno daraja katika Kiswahili

Neno daraja tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni kipandio au ngazi. Katika Kiswahili limezaa maana mbili zinazoishi pamoja bila ugomvi. Ya kwanza ni cheo au kiwango, kama tusemapo behewa la daraja la kwanza au mtumishi aliyepandishwa daraja. Ya pili ni kivusho kilichojengwa juu ya mto, bonde au reli. Kabla ya madaraja ya chuma na saruji, wenyeji wa bara walikuwa na neno ulalo, yaani gogo lililolazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Jambo linalotuhusu zaidi ni hili: daraja huunganisha pande mbili bila kumbadilisha apitaye. Avukaye hufika ng'ambo akiwa na mzigo uleule na jina lilelile. Lango si hivyo. Penye lango huwapo bawabu, naye huuliza, hukagua, na pengine hubadilisha hati ya msafiri kabla ya kumruhusu apite. Tofauti hii, ambayo kila msemaji wa Kiswahili anaijua bila kufundishwa, ndiyo hasa tofauti ya kitaalamu baina ya vifaa viwili vya mtandao tulivyovichanganya katika mwongozo wetu.

Yafaa pia tukumbuke kwamba jina huweza kuendelea kuishi hata kitu chenyewe kikiondoka. Mjini Zanzibar, mkono wa bahari uliokuwa ukitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulivukwa kwa daraja, na mahali hapo pakaitwa Darajani. Mkono huo wa bahari ulifukiwa katika karne ya 20. Maji hayapo na daraja halipo, lakini watu wangali wakienda sokoni Darajani. Tutaona hapa chini kwamba daraja la Linux nalo limebaki na jina lake baada ya waya zilizolizaa kutoweka.

Daraja la waya, 1973 hadi 1990

Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, Robert Metcalfe alieleza mpango wa kuunganisha kompyuta nyingi kwa waya mmoja wa pamoja. Yeye na David Boggs wakaujenga, na mtandao huo ukaitwa Etheneti. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitoa kanuni zake za pamoja, ambazo kwazo kila kadi ya mtandao hupewa anwani yake yenye biti 48.

Waya huo wa pamoja ulikuwa na mipaka. Kipande kimoja cha waya mnene hakikutakiwa kuzidi mita 500, na hata kwa kuunga vipande kwa vifaa vya kukuza mawimbi, mtandao mzima haukuweza kupita takriban kilometa 2.5. Isitoshe, kila kompyuta ilisikia maneno ya kila kompyuta nyingine, na zilipozungumza mbili kwa wakati mmoja, habari ziligongana na kuharibika. Kadiri kompyuta zilivyoongezeka, ndivyo migongano nayo ilivyozidi.

Katika miaka ya 1980 wahandisi wa kampuni ya Digital walibuni kifaa cha kukaa kati ya vipande viwili vya waya. Kazi yake ilikuwa ya namna tatu. Kwanza, kilisikiliza habari zote za pande zote mbili. Pili, kilitazama anwani ya mpelekaji wa kila habari na kuandika katika jedwali lake kwamba mpelekaji huyo yuko upande gani. Tatu, kilipopata habari ya mtu ambaye jedwali lilionyesha kuwa yuko upande uleule ilikotoka, kiliiacha. Alipokuwa upande wa pili, kiliivusha. Na alipokuwa hajulikani, kiliipeleka kila upande isipokuwa ilikotoka. Kifaa hicho hakikuifungua bahasha wala kubadilisha anwani iliyoandikwa juu yake, na kompyuta zenyewe hazikujua kama kipo. Kwa kuwa kiliunganisha kingo mbili bila kumbadilisha apitaye, kilipewa jina la daraja. Jina hilo lilikuwa sahihi kwa kipimo cha Kiingereza, na ni sahihi vilevile kwa kipimo cha Kiswahili.

Tatizo lilizuka pale madaraja yalipowekwa mawili baina ya sehemu zilezile ili moja likiharibika jingine lifanye kazi. Habari iliyopelekwa kwa wote ilivuka kwa daraja la kwanza, ikarudi kwa la pili, ikavuka tena, na mtandao ukajaa mwangwi wake wenyewe. Ufumbuzi ulitolewa na Bi. Radia Perlman, mhandisi wa Digital. Alibuni itifaki ambayo kwayo madaraja hujadiliana yenyewe na kufunga baadhi ya njia, mpaka mtandao unabaki na umbo la mti: kila tawi linafikika, wala hakuna tawi linalorudi kuungana na jingine. Aliieleza itifaki hiyo katika makala ya mwaka 1985, na akaifungulia kwa shairi alilolitunga mwenyewe. Kanuni hizo za madaraja zilitolewa rasmi mwaka 1990 kwa namba 802.1D.

Kuingia kwa neno swichi

Mwaka huohuo wa 1990 kampuni ya Kalpana ya Marekani ilipeleka sokoni kifaa chenye matundu saba ya waya, ikakiita kwa jina la kibiashara la EtherSwitch. Kwa kazi yake, kifaa hicho kilikuwa daraja lenye pande nyingi badala ya mbili. Lakini jina lilipendwa na wanunuzi. Mwaka 1994 kampuni ya Cisco iliinunua Kalpana, na neno "switch" likaenea duniani kote. Kanuni rasmi hazikufuata soko: ziliendelea kusema daraja, na zinaendelea kusema hivyo hata katika maandiko ya 802.1Q yaliyozimeza kanuni za 802.1D.

Hapa mfasiri wa Kiswahili hupata mtego wa kwanza. Akikuta maneno mawili katika Kiingereza, hudhani kwamba ziko dhana mbili, na hutafuta maneno mawili ya Kiswahili yanayopishana. Ukweli ni kwamba dhana ni moja iliyopewa majina mawili, moja na wahandisi na jingine na wauzaji. Mtego wa pili ni wa Kiswahili chenyewe. Kwa msemaji wa kawaida, swichi ni kile kitufe cha ukutani kinachowasha na kuzima taa. Mwalimu mmoja alitueleza kwamba wanafunzi wake, waliposoma kwamba ofisi inahitaji swichi ya mtandao, walidhani ni kifaa cha kuukata mtandao jioni watu wanapokwenda nyumbani. Wanafunzi hao hawakukosea Kiswahili.

Mashine pepe

Historia ya pili inayokutana na ya daraja ni ya mashine pepe. Katika kituo cha kampuni ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, mwaka 1967 ulianza kutumika mfumo ulioitwa CP-40. Mfumo huo uliigawa kompyuta moja kubwa hivi kwamba watumiaji hadi 14 walifanya kazi kila mmoja kana kwamba ana kompyuta nzima ya peke yake. Waliouunda walianza kwa kutumia neno lenye maana ya mashine ya bandia, kisha wakalichukua lile lililozoeleka sasa. Mwaka 1972 IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, na fikra hiyo ikaingia katika biashara. Wakati wa CP-40 Etheneti ilikuwa bado haijabuniwa, kwa hiyo swali la kuunganisha mashine hizo kwa daraja halikuwapo.

Fikra hiyo ilifika katika kompyuta ndogo miaka mingi baadaye. Kampuni ya VMware ilitoa programu yake mwaka 1999. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kikaeleza mfumo wa Xen mwaka 2003. Na mwezi Februari 2007 mfumo wa KVM ukaingizwa ndani ya Linux toleo 2.6.20. Tangu hapo, kompyuta yoyote yenye Linux na kichakato kinachofaa huweza kuwa mwenyeji wa mashine nyingi za ndani.

Neno pepe lahitaji maelezo mafupi. Wengi hulihusisha na upepo, kwa sababu ya barua pepe. Mkulima wa mpunga analijua kwa maana nyingine ya zamani: pepe ni ganda la punje lisilokuwa na kiini. Maana hiyo inafaa nusu tu. Mashine pepe kweli haina mwili wa maunzi ulio wake, lakini kiini inacho, maana huendesha mfumo wake kamili, na sehemu ya kati ya mfumo huo ndiyo tunayoiita kiini katika istilahi za kompyuta. Mwalimu anayetumia mfano wa mpunga na aseme wazi kwamba kinachokosekana ni maunzi, wala si kiini.

Kwa upande wa mwenyeji na mgeni, Kiswahili hakina haja ya kuazima. Kompyuta yenye maunzi ni mwenyeji, na mashine pepe ni mgeni. Mgeni hula na kulala kwa mwenyeji, lakini ana jina lake na safari zake.

Daraja ndani ya kiini cha Linux

Mgeni huyo akitaka kutoka, atapita wapi? Kadi ya mtandao ni moja, nayo ni ya mwenyeji. Hapo ndipo daraja lilipoitwa tena kazini, safari hii bila waya wala sanduku. Programu ya daraja iliyoandikwa na Lennert Buytenhek ilikuwamo katika Linux toleo 2.4, lililotolewa mwezi Januari 2001, nayo iliongozwa kwa amri iitwayo brctl. Siku hizi amri hiyo huhesabiwa kuwa ya zamani, na kazi yake hufanywa kwa amri za ip na bridge.

Utaratibu wenyewe, ukielezwa kwa Kiswahili cha kawaida, ni huu. Fundi huunda daraja ndani ya kiini cha mwenyeji na kulipa jina. Desturi ni kuliita br0. Kisha huifunga kadi ya mwenyeji, tuseme eth0, iwe poti mojawapo ya daraja hilo. Halafu kila mgeni hupewa kadi pepe, na ncha ya pili ya kadi hiyo, ambayo kwa kawaida huitwa tap, hufungwa nayo kwenye daraja. Kuanzia hapo, mgeni huonekana katika mtandao wa ofisi kama kompyuta iliyochomekwa kwa waya wake, na huweza kupewa anwani na kifaa kilekile kinachozigawia anwani kompyuta nyingine.

Jambo ambalo maandishi mengi hulipita haraka ni mahali pa anwani ya mwenyeji. Kabla ya daraja kuwapo, anwani ya itifaki ya intaneti ilikuwa juu ya kadi eth0. Kadi ikishafungwa kwenye daraja, inakuwa poti tu: hupokea kila habari, hata isiyokuwa yake, na kuikabidhi kwa daraja. Haifai tena kubeba anwani hiyo. Anwani huondolewa kwenye kadi na kuhamishiwa kwenye daraja lenyewe, pamoja na maelekezo ya lango. Daraja la Linux, kwa hiyo, ni njia ya wageni na pia ni baraza anapokaa mwenyeji. Fundi akiiacha anwani kwenye kadi, mwenyeji hupotea mtandaoni. Na akiwa anafanya kazi hiyo kwa mbali, atakuwa amekata tawi alilolikalia. Basi maagizo ya kufunga kadi na kuhamisha anwani yaandikwe kwa mfululizo mmoja, tena yahifadhiwe katika faili la mipangilio, kwa sababu yaliyotolewa kwa amri tu hutoweka kompyuta inapozimwa.

Yako mambo mengine matatu ambayo mfasiri wa mwongozo ayajue ili asiyafiche. Kwanza, daraja linalofuata itifaki ya mti kwa kawaida husikiliza kwa sekunde 15, kisha hujifunza kwa sekunde 15 nyingine kabla ya kuvusha habari. Fundi asiyejua hivyo hudhani amekosea. Pili, kadi isiyo na waya aghalabu haifungiki kwenye daraja kwa njia hii, maana kituo cha kurushia mawimbi hukataa habari zenye anwani za kadi zisizojitambulisha kwake. Tatu, iko njia nyingine ambayo pia hutumia daraja lakini haiungi kadi ya mwenyeji. Programu ya libvirt, kwa mfano, huunda daraja liitwalo virbr0 lenye mtandao wa 192.168.122.0, na wageni wake hutoka nje kwa kujificha nyuma ya anwani ya mwenyeji. Hapo mwenyeji ndiye anayefanya kazi ya lango. Msomaji asipotofautishiwa daraja la namna hii na lile la kwanza, atashangaa kwa nini wageni wake wanawaona watu wa nje, ilhali watu wa nje hawawaoni.

Neno lisilofaa kuingizwa

Maandishi ya Kiingereza ya Linux yalizoea kusema kwamba kadi iliyofungwa kwenye daraja imefanywa mtumwa, na daraja ni bwana wake. Na amri ya ip ingali inatumia neno lenye maana ya bwana. Amri haina budi kuandikwa kama ilivyo, la sivyo haitatii. Lakini maelezo ni mali ya mfasiri. Katika pwani ambayo soko lake la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, hatuoni sababu ya kuwafundisha vijana kwamba kadi ni mtumwa. Zaidi ya hayo, sitiari yenyewe haielezi kitu. Kusema kwamba kadi ni poti ya daraja kunaeleza kazi yake yote.

Mapendekezo

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa kazi hiyo ulionyesha kwamba programu za ofisini zaweza kusemwa kwa Kiswahili. Istilahi za mitandao ya ndani ya kompyuta zinahitaji bidii ya namna hiyohiyo. Kwa upande wetu tunapendekeza yafuatayo.

1. Daraja litumike kwa kila kifaa au programu inayovusha habari kwa kutazama anwani za kadi bila kuzibadilisha. Lisitumike kwa jambo jingine lolote katika mwongozo huohuo.

2. Swichi ya mtandao liandikwe kwa ukamilifu wake, si swichi peke yake, na linapotokea mara ya kwanza lielezwe kuwa ni daraja lenye poti nyingi.

3. Lango libaki kwa kifaa kinachotoa habari kwenda mtandao mwingine, na ruta kwa kile kinachochagua njia. Kifaa kimoja chaweza kufanya kazi zote mbili, nalo lisemwe wazi.

4. Poti lipendelewe, maana ndilo mafundi wanalolitumia. Bandari halifai kabisa; na mlango, ingawa ni neno zuri, linakaribiana mno na lango, kiasi kwamba kosa la herufi moja lingerudisha balaa tuliyoieleza mwanzoni.

5. Mwenyeji, mgeni na mashine pepe yakubaliwe kama yalivyo.

6. Majina ya amri, kama ip na brctl, na majina ya vifaa, kama br0 na eth0, yasifasiriwe kamwe.

7. Kazi inapogawanywa baina ya wafasiri, orodha ya istilahi ikubaliwe kabla ya ukurasa wa kwanza kuandikwa. Hili tulipaswa kulijua zamani.

Hitimisho

Tumeona kwamba daraja lilizaliwa kwa haja ya kuunga vipande viwili vya waya, likapewa jina jingine na soko, kisha likarudi na jina lake la kwanza ndani ya kiini cha Linux, mahali pasipo na waya wala ukingo. Katika safari hiyo yote kazi yake haikubadilika. Kwa hiyo istilahi ya Kiswahili ifuate kazi, wala isifuate majina yanavyopokezana katika lugha ya asili.

Ule mwongozo wa ofisi tuliusahihisha na kuurudisha, na neno lango likabaki mahali pake. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wanaoshughulika na mitandao watuletee maoni yao kuhusu mapendekezo haya, hasa pale ambapo matumizi ya mafundi wa sehemu zao yanatofautiana na yetu.